Aliyesalimia Kuta Kwanza

Watu wenye adabu wakiingia nyumbani kwa mtu husalimia wenyeji, huulizia watoto, hukubali kiti. Mkaguzi akiingia alisalimia ukuta. Alikwenda moja kwa moja hadi kona iliyo mbali na mlango, akauwekea kiganja, kisha mgongo wa mkono, kisha shavu, akafumba macho na kunusa. Wenyeji walibaki wamesimama, mikono ya salamu imening'inia hewani. Akishamaliza ndipo aligeuka na kuuliza, "Hamjambo humu ndani?" kwa sauti ya mtu ambaye ameshajibiwa.

Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimchukia kwa sababu ya halali kabisa: mimi nilikuwa nauza rangi. Duka langu lilikuwa Tunduma, hatua chache kutoka mpakani, wakati huo tukiwa bado mkoa wa Mbeya na tukidharauliwa kutoka mbali. Wateja walivuka kutoka upande wa Zambia wakasema, kwa heshima ya kwao, "Mukwai, nipe ile inayong'aa," nami niliwapa inayong'aa. Sikuwahi kumuuliza mteja kama ukuta wake unahitaji kung'aa. Muuza viatu naye hakuulizi unakwenda wapi.

Mkaguzi alikuwa msanifu majengo wa serikali kabla ya serikali kugundua kuwa ina wasanifu wengi kuliko majengo. Wakampunguza, kama walivyosema siku zile, utadhani mtu ni kilo za sukari. Wenzake walifungua baa au wakarudi kulima. Yeye alikuja Tunduma na begi moja na daftari, akajitangazia kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia: kuchunguza nyumba zinazoumwa unyevu na kuvu, na kusema ni nani aliyeziua. "Zamani nilichora majengo," aliniambia siku ya kwanza alipoingia dukani. "Siku hizi nayafanyia uchunguzi wa maiti." Kisha akanunua msasa kipande kimoja na kuondoka. Mafundi walimwita Mzee Ukungu, lakini akiwa mbali.

Hakuja mahali pabaya. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na Tunduma kila aliyepitisha lori mbili za mitumba alijenga. Nyumba ilianza mvua zikikatika na kabla hazijarudi mwenyewe ameshahamia, lipu ikiwa bado inatoa jasho. Kuhusu msanifu, watu waliuliza wa nini, wakati fundi anachora kwa kijiti mchangani na nyumba inasimama. Na kweli ilisimama. Mwaka wa pili ndipo kona za chini zilitoa unga mweupe wa chumvi, mwaka wa tatu madoa meusi yakapanda, na mwaka wa nne mwenye nyumba akaanza kumtazama jirani yake kwa jicho baya. Sisi watu wa huku hatuna ugonjwa usio na mtu nyuma yake.

Vifaa vyake vingeingia kwenye mfuko wa shati: kisu butu, sarafu ya kugongea lipu asikie ilipoachana na tofali, kipande cha nailoni, selotepu, penseli. Alibandika nailoni ukutani jioni, kingo zote nne zimezibwa, na asubuhi alirudi kuitazama. Matone yakiwa upande wa chumba, unyevu ni wa pumzi zenu na sufuria zenu, fungueni madirisha. Yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka chini au ndani, na hapo aliagiza jembe. Aliandika kwa penseli kwa sababu wino hukimbia ukiguswa na maji, na chini ya karatasi aliweka kaboni, tabia aliyotoka nayo ofisini: nakala moja ya kutoa, nyingine ibaki daftarini.

Lakini kilichowaudhi watu zaidi kilikuwa swali lake. Akishauliza hali, aliuliza, "Nani anafagia hapa?" Mwenye nyumba, akiwa bado amenyoosha mkono wa kumkaribisha na anataka kueleza alivyojenga, alijibu kwamba ni mke, au binti, au dada wa kazi. Basi Mkaguzi alikaa na huyo. Anayefagia ndiye anayejua ni kona gani vumbi linashika, ni godoro gani linanuka, ni mwezi gani kabati liligoma kufunguka. Na kazi ikiisha, karatasi ya ripoti alipewa huyohuyo anayefagia. Mwenye nyumba alisomewa kwa mdomo. Nimewaona wanaume wenye malori manne wakisubiri dada wa kazi amalize kusoma.

Kulikuwa na Alhaji mmoja, mtu wa Kigoma, mwenye nyumba ya wageni iliyovishwa marumaru mbele mpaka juu, unaiona toka barabarani ikimeremeta. Chumba namba sita kiliota uyoga nyuma ya mlango. Uyoga wenyewe, wenye shina na kofia. Wageni wakasema kuna jini, na Alhaji, mtu mwangalifu, akawa ameshaleta masheikh wa kusoma dua mara tatu. Mkaguzi alilaza shavu, akamwita mfagiaji, mama mmoja wa Kinamwanga, ambaye alisema kwamba tangu siku nyingi ukutani kule kunalia maji wageni wa chumba cha saba wakioga. Tangu siku nyingi hakuna aliyemuuliza. "Dua iendelee, Alhaji," alisema Mkaguzi, "ila fundi bomba naye aje." Alhaji alicheka, na kwa kweli alikuwa muungwana, maana alimpandisha cheo yule mama akawa msimamizi. Marumaru hakutoa. Alisema hayo ndiyo yaliyomleta mgeni.

Kanisa moja la kijiji cha Mpemba, nje kidogo ya mji, nalo lilikuwa na ukuta wa madhabahu unaochubuka kila mwaka, na kila mwaka waumini wakichangishwa rangi, ambayo, namshukuru Mungu, ilitoka kwangu. Mkaguzi aliona mara moja. Umoja wa akina mama walikuwa wamepanda maua nyuma ya madhabahu, wakiongeza udongo na samadi kila msimu, hadi bustani ikawa juu ya sakafu ya kanisa kwa kimo cha goti, na wakimwagilia kwa bidii ya kiroho. Alisema maua yang'olewe. Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko mkesha wa mwaka mpya. Mzee wa kanisa alimuuliza, "Kwa hiyo mzee, unasema mama zetu ndio wanaoharibu nyumba ya Bwana?" Akajibu, "Mimi nasema samadi." Maua yaling'olewa, akina mama walimnunia mwaka mzima, nami nilipoteza mteja wa kudumu.

Msifikiri alikuwa malaika. Aliwahubiria watu wafungue madirisha hata mwezi wa saba, wakati baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno, lakini chumba chake alichopanga Mpemba alikaa amekifunga kama debe, amevaa makoti mawili, jiko la mkaa miguuni. Ukutani kwake kulikuwa na ramani ya kuvu ambayo kwa mtu mwingine angeiandikia kurasa tatu. Nilimuuliza siku moja. "Hii si yangu, nimepanga," alisema, bila hata kuona haya. Hakujua kupigilia msumari ukanyooka. Alikuwa na kiburi cha msomi aliyefukuzwa, hakumshukuru aliyempa chai, na mtu akianza kueleza jambo alimkata, "Usinieleze, nionyeshe." Mke wake alikuwa amebaki mjini kwao na sijui kama alimwandikia barua hata moja, yeye aliyewaandikia wake za watu.

Sasa nije kwangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Nilijenga Chapwa, pembeni mwa mji, tofali za kuchoma, vyumba vinne. Kijana wa milima ya Ileje akipata, jambo la kwanza ni kumtoa mama yake kwenye nyumba ya udongo na nyasi na kumleta kwenye nyumba ya kisasa, watu waone. Siku ya kumalizia msingi, mafundi walikuwa wanasubiri roli ya nailoni, ile inayolazwa juu ya msingi kabla tofali hazijaanza kupanda, ili maji ya ardhini yasipande nazo. Roli ilikuwa dukani kwangu. Akaja mteja kutoka ng'ambo akiitaka, na sikuwa na nyingine. Nikamuuzia, nikawaambia mafundi nitaleta kesho. Kesho yake walikuwa wameshafika kwenye madirisha. Nikasema basi, nani atajua.

Ukuta ulijua. Lakini mimi nilikuwa na dawa. Nyumba zetu huwa tunazipaka rangi ya mafuta nusu ya chini, ili uchafu wa mikono ufutike, na rangi ya maji nusu ya juu. Madoa yalipotokea, nilipaka mafuta. Unyevu ukikuta mafuta hauwezi kutoka, kwa hiyo unapanda kutafuta mahali pa kutokea, na ukatokea juu ya mstari. Nikapandisha mstari. Mwaka uliofuata ukatokea tena juu yake. Kila Krismasi mstari wa nyumba yangu ulipanda shubiri moja, na wageni walisifu kwamba mwenye duka hafanyi uchoyo.

Mkaguzi alipita Chapwa siku moja, akaingia bila kualikwa, akalaza shavu. Mke wangu, Mama Atupele, alikuwa shambani. Mama yangu alikuwa chumba cha nyuma, amebanwa na kifua, kama ilivyokuwa desturi yake tangu nimlete mjini.

"Mwaka jana mstari ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Hapo kwenye mgongo wa kiti."

"Sasa uko dirishani. Mwakani utapaka dari. Baba Atupele, humu chini hakuna nailoni."

Nikasema labda mafundi waliiba. Nilisema hivyo, na sikumeza hata mate. Akanieleza cha kufanya: bandua rangi yote ya mafuta mpaka kwenye tofali, chimba mfereji kuzunguka nyumba, shusha udongo uliorundikana nje, acha ukuta upumue, na mama ahamie chumba cha mbele leo, si kesho, maana kile kifua hakitoki kwenye baridi, kinatoka kwenye kuvu. Kisha akauliza nani anafagia. Akaandika, akachana nakala, akanipa nimkabidhi mke wangu.

Nilifikiria sana. Nilifikiria wateja wangu wakipita Chapwa na kumkuta muuza rangi anabandua rangi kwake. Ile karatasi niliiweka dukani, na juma hilohilo nikaifungia misumari ya mteja. Krismasi nikapandisha mstari.

Kilichofuata kilikuwa cha kawaida kabisa kwa watu wetu, ndiyo maana hakuna aliyekishangaa. Mama alikuwa akienda Ileje kuvuna maharage, analala kwenye ile nyumba ya udongo niliyoionea aibu, anapona. Anarudi kwenye nyumba ya kisasa, siku ya tatu anahema kama amebeba mzigo. Dada zangu wawili waliligundua hilo, wakafanya hesabu, na hesabu yao haikuwa mbaya ila walikosea jibu. Waliita kikao sebuleni kwangu, chini ya mstari wa rangi.

"Mama kule kwetu anapumua," alisema dada mkubwa. "Huku hapumui. Sasa sisi tunauliza tu, chakula chake anapika nani?"

Mama Atupele alikuwa ameshika trei ya chai. Aliiweka mezani taratibu, haikumwagika hata tone. Akanitazama mimi. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi, mume wake, mtu pekee mle ndani aliyeambiwa ugonjwa unatoka wapi. Nami nikasema, kwa busara yangu yote, kwamba labda ni vizuri akapumzike kidogo kwao Mbozi mpaka mambo yatulie. Niliona aibu wakati uleule, na bado nilisema.

Alikaa kwao msimu mzima wa mahindi. Mama aliendelea kukohoa, sasa dada zangu wakimpikia. Hapo walipaswa kunyamaza, lakini walisema yule mwanamke ameacha kitu ukutani. Kwa mara ya kwanza walikaribia ukweli, na mimi nikakaa kimya tena. Walikuwa wameanza kutafuta mganga wa kuja kukichimbua. Mama ndiye aliyekataa. "Mwiteni yule mzee anayenusa kuta," alisema, akivuta pumzi kwa kila neno. "Kama kitu kiko ukutani, yeye atakiona, na hatoi mizizi."

Mkaguzi alikuja. Akakwangua rangi ya mafuta kipande cha ukubwa wa sinia, chumba cha mama, akabandika nailoni. Asubuhi dada zangu walikuwa wa kwanza kuingia. Nyuma ya nailoni matone yalikuwa yamejipanga, yanateleza. Alipokwangua pembeni, rangi ilitoka kama ngozi, na chini yake ukuta ulikuwa mweusi, unanuka kama gunia la viazi vilivyooza. Aliwaeleza pole pole, na alipomaliza dada mkubwa alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Kisha akauliza, "Nani anafagia hapa?"

"Hayupo," nilisema. "Yuko kwao Mbozi."

Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilijua anafikiria karatasi ya kwanza. Nilimwomba Mungu mzee asiulize, na Mungu, ambaye ana huruma hata kwa wasiostahili, akamziba mdomo. "Basi hii nitampelekea mwenyewe," alisema. "Siku hizi sipitishi kwa mkono wa mtu."

Tulibandua rangi, tukachimba mfereji, tukamhamisha mama. Nilikwenda Mbozi kumchukua mke wangu na vitenge viwili na mzee wa ukoo, nikaomba radhi kwa niaba ya dada zangu. Nirudie hilo, maana nimelificha miaka mingi: kwa niaba ya dada zangu. Mama Atupele alipokea vitenge, akapiga goti, akasema yamekwisha. Hakuniuliza chochote. Nikajiambia yule mzee alisahau ile ya kwanza. Tangu hapo kwenye sherehe za ukoo husimuliwa jinsi nilivyoleta mtaalamu nikamwokoa mke wangu na maneno ya mawifi, na mimi huwa nainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa. Mama aliishi miaka mingine mingi. Alifariki Ileje kwa uzee, akipumua vizuri.

Mara ya mwisho kumwona Mkaguzi ilikuwa pale habari za mkoa mpya zilipoanza kuvuma. Aliniletea ujumbe kwa dereva wa bodaboda kwamba anataka rangi ya mafuta, kopo dogo. Nilicheka peke yangu dukani. Nikafunga duka nikaipeleka mwenyewe Mpemba, maana furaha kama ile haitumwi mtu.

Alikuwa amekwisha, makoti yote mawili yamebaki makubwa. Alikohoa muda mrefu kabla ya kuitikia shikamoo yangu. Ile ramani ya kuvu ilikuwa imefika darini.

"Leo mzee umetubu," nikamwambia, nikiweka kopo mezani.

"Ni ya mlango," alisema. "Mbao naipa ruhusa. Binti yangu anakuja kunichukua, sitaki kumwachia mwenye nyumba mlango uliovimba."

Daftari zake zilikuwa zimefungwa kwa kamba kitandani. Alivuta moja, akalowesha kidole, akafungua. Penseli ilikuwa inasomeka kama ya jana. "Za kwenu hizi," alisema. "Ya kwanza na ya pili."

Nilizitazama. Ya kwanza ilikuwa na tarehe juu, na chini yake mstari mmoja: mwenye nyumba ameelezwa, nakala apewe mke.

"Ulipokwenda Mbozi," nikasema, "ulimpelekea ipi?"

"Daftari zima. Nilimwachia asome, mimi nikanywa uji kwa mama yake."

"Akasoma zote mbili?"

"Ya kwanza alirudia." Akakohoa, akajifuta mdomo. "Aliniuliza kama umenituma. Nikasema sikutumwa. Akasema, 'Mzee, usimwambie kama nimesoma. Nataka nione ataniambia lini.'" Alifunga daftari na kunitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule amepatwa na wasiwasi. "Kwani hukumwambia? Mimi nilijua yalishakwisha siku nyingi."

Sikumbuki kama niliaga vizuri. Nilimsaidia kupaka mlango, hilo nalikumbuka, koti moja la rangi na la pili, na hakunikosoa hata mara moja.

Nilifika Chapwa jua likiwa bado juu. Mama Atupele alikuwa anafagia sebule. Kuta zetu ni za chokaa siku hizi, hazing'ai, na wageni huuliza kama duka linaendelea vizuri.

"Mama Atupele."

"Abee."

"Nilikuwa Mpemba. Kwa Mkaguzi."

Aliegemeza ufagio ukutani, akavuta kile kiti alichokuwa akikalia mama, akaketi na kukunja mikono mapajani.

"Haya," alisema. "Sema."